Maisha ya Elvis Presley, Mwimbaji wa Marekani

Wazee kadhaa wa sharika wametuletea swali moja, nalo hurudi kila mwaka baada ya mikutano ya vijana: Je, yafaa kijana Mkristo amfanye mwimbaji wa muziki wa roki kuwa kielelezo chake? Mzee mmoja aliona picha ya mwimbaji wa namna hiyo juu ya kitanda cha mwanawe, akaibandua. Mtoto akakasirika, nao hawakusemezana siku tatu. Sisi hatupendi kulijibu swali hili kwa maneno matupu. Twaona ni afadhali kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyewapita wengi kwa sifa katika kazi hiyo. Yeye alikufa mwaka wa 1977, na mambo yake yamekwisha kujulikana, mema na mabaya pia.

Elvis Presley alizaliwa tarehe 8 Januari 1935 katika mji mdogo wa Tupelo, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, yenye vyumba viwili tu, ambayo baba yake, Vernon, aliijenga kwa dola 180 za kukopa. Alfajiri ile mama yake, Gladys, alizaa pacha. Wa kwanza, Jesse, alizaliwa amekwisha kufa. Wa pili ndiye Elvis. Mama huyo hakujaliwa kupata mtoto mwingine, basi akamshika huyu mmoja kwa pendo kubwa lenye hofu nyingi.

Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu, baba yake alitiwa gerezani kwa kosa la kugeuza hesabu iliyoandikwa katika hundi, akakaa kifungoni miezi minane hivi. Kwa ajili hiyo nyumba yao ikawapotea, wakawa watu wa kuhamahama, leo kwa ndugu huyu, kesho kwa yule. Lakini kila Jumapili walikwenda katika kanisa dogo la Assemblies of God, na huko ndiko mtoto alikojifunza kuimba. Alipotimiza miaka kumi na mmoja alitamani kununuliwa baiskeli. Wazazi hawakuweza, wakampa gitaa la bei ndogo. Mchungaji wao, aliyekuwa kijana bado, akamwonyesha jinsi ya kuweka vidole katika nyuzi.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1948 jamaa hao wakahamia Memphis, mji mkubwa wa jimbo la Tennessee, ili kutafuta kazi. Siku zile sheria na desturi za nchi hiyo ya kusini ziliwatenga watu weusi na watu weupe katika shule, magari na hata makanisa. Lakini sauti haizuiliwi na ukuta. Kijana Elvis alisikiliza waimbaji weusi katika redio na katika mitaa yao, tena alikuwa akienda kusikiliza nyimbo katika kanisa la Wabaptisti weusi ambalo mchungaji wake, Herbert Brewster, alikuwa mtunzi hodari wa nyimbo za kiroho. Kadhalika alihudhuria mikesha ya nyimbo za injili iliyofanyika katika jumba kubwa la mji. Tamaa yake ya kwanza ilikuwa kuingia katika kundi la waimbaji wanne wa injili, akajaribiwa, akakataliwa.

Alimaliza shule mwaka wa 1953, akapata kazi ya kuendesha lori la kampuni ya mafundi wa umeme. Mwaka huo huo aliingia katika chumba cha kunasia sauti cha Sam Phillips, akalipa dola 4 hivi kutoka mfukoni mwake, akaimba nyimbo mbili katika sahani moja ya santuri. Mwaka uliofuata Phillips akamwita pamoja na wapigaji wawili. Jioni ya tarehe 5 Julai 1954 walijaribu nyimbo nyingi bila mafanikio, hata wakati wa kupumzika Elvis akaanza kuuimba kwa mchezo wimbo wa Arthur Crudup, mwimbaji mweusi wa Mississippi. Phillips alipousikia akawasimamisha, akawaagiza waanze tena na mtambo ukiwa wazi. Ndivyo ilivyotoka santuri yake ya kwanza.

Hapa yatupasa kusema neno la haki. Elvis mwenyewe alipoulizwa na waandishi wa magazeti alikiri kwamba watu weusi walikuwa wakiuimba muziki huo miaka mingi kabla yake, wala hakujisifu kuwa ameubuni. Hata hivyo fedha hazikugawanyika kama sifa zilivyostahili kugawanyika. Crudup alidai haki yake ya mtunzi miaka mingi, akafa mwaka wa 1974 bila kupata hata sehemu ya kutosha ya yale aliyostahili. Wenye kusimamia biashara ya nyimbo ndio waliokuwa na hatia kubwa, lakini kijana anayependa muziki huu na ajue umetoka mikononi mwa nani.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1955 kampuni ya RCA ilinunua mkataba wake kwa dola 35,000. Mwaka wa 1956 jina lake likajaa Marekani yote. Tarehe 9 Septemba watu wapatao milioni 60 walimtazama katika televisheni. Wasichana walipiga makelele na kuzimia. Wazazi walikasirika kwa jinsi alivyotikisa nyonga. Wachungaji walihubiri juu yake. Huko Jacksonville hakimu mmoja alikuwa na hati za kumkamata tayari kama angechezesha mwili jukwaani; basi Elvis akaimba akichezesha kidole kimoja tu, na makelele hayakupungua. Twakiri kwamba habari hii ilituchekesha.

Lakini tusimhukumu mtu kwa nyonga zake tu. Bach, ambaye sisi Walutheri twamheshimu mno, alipokuwa kijana huko Arnstadt mwaka wa 1705 aligombana njiani usiku na mwanafunzi mmoja mpiga zumari hata akauchomoa upanga. Tena aliomba ruhusa ya majuma manne kwenda Lübeck kusikiliza kinanda, akakaa karibu miezi minne, na wakuu wa kanisa wakamwita ajieleze. Karama ya nyimbo ni kitu kimoja, na mwenendo ni kitu kingine. Yeye Bach alikuwa na wakuu wa kumwita na kumwuliza. Neno hili twaomba msomaji alikumbuke.

Uwezo wa mfano wa mtu kama Elvis ulionekana vizuri mwezi wa Oktoba mwaka wa 1956. Chanjo mpya ya ugonjwa wa kupooza, iliyotengenezwa na Dakta Salk, ilikuwa imekwisha kupatikana, lakini vijana wengi hawakujali kuchanjwa, kwa kuwa waliuona ugonjwa huo kuwa wa watoto wadogo. Wakuu wa afya wa New York wakamwomba Elvis, naye akakunja mkono wa shati akadungwa sindano mbele ya wapiga picha, na picha hizo zikaenea nchini mwote. Daktari mwenye elimu angaliweza kuandika makala mia, nazo zisisomwe na kijana hata mmoja. Basi anayesema kwamba waimbaji si vielelezo hasemi kweli. Ni vielelezo, wakitaka wasitake.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1957 alipoimba tena katika televisheni, wapiga picha waliagizwa waonyeshe kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Usiku ule ule aliimba wimbo wa injili wa Thomas Dorsey, mtunzi mweusi, na watazamaji wakaombwa kuwasaidia wakimbizi wa Hungaria. Mwaka huo pia aliwanunulia wazazi wake nyumba kubwa iitwayo Graceland, akakaa nao humo, pamoja na bibi yake mzaa baba, Minnie Mae.

Tarehe 24 Machi 1958 aliitwa jeshini. Angeweza kuomba kazi ya kuwaimbia askari, lakini alikwenda kama askari wa kawaida, akapelekwa Ujerumani, Friedberg, akaendesha gari la upelelezi, akalala katika theluji kama wenzake. Alirudi Machi 1960 akiwa na cheo cha sajini. Wengi waliomdharau zamani walimsifu kwa utii huo, na sisi pia twamsifu.

Hata hivyo miaka hiyo ndiyo iliyoleta mwanzo wa msiba. Tarehe 14 Agosti 1958, kabla hajavuka bahari, mama yake alifariki akiwa na umri wa miaka 46. Elvis alilia kaburini hata watu wakamshika asianguke. Gladys alikuwa mtu wa pekee aliyeweza kumkaripia bila kuogopa kupoteza kitu. Na huko Ujerumani, kama waandishi wa maisha yake wanavyosimulia, alijifunza kumeza vidonge vya kuondoa usingizi wakati wa zamu za usiku. Kisha vikahitajika vingine vya kuleta usingizi. Huko pia, mwaka wa 1959, alifahamiana na Priscilla, binti wa miaka 14, naye Elvis alikuwa na miaka 24. Walioana mwaka wa 1967, wakapata binti mmoja, wakaachana mwaka wa 1973. Mambo hayo husimuliwa mara nyingi kama hadithi nzuri ya mapenzi. Sisi tulio wazazi wa mabinti hatuwezi kuyasimulia hivyo.

Mambo ya fedha yalikuwa mkononi mwa msimamizi wake, aliyejiita Kanali Tom Parker, mzaliwa wa Uholanzi aliyeficha asili yake. Yeye alichukua robo ya mapato, na baadaye, kwa mikataba mingine, hata nusu. Ndiye aliyemwingiza katika sinema nyingi zilizofanana kama mayai, naye Elvis mwenyewe aliziona kuwa hafifu, lakini hakukataa. Nyumbani alizungukwa na vijana waliolishwa, kuvikwa na kupewa magari naye. Mtu akila kwa mwenzake kila siku, atamwambiaje kwamba amekosa?

Wala ukarimu wake haukuwa wa uongo. Mwaka wa 1961 aliimba Honolulu bila kujilipa, na fedha zaidi ya dola 50,000 zikasaidia ukumbusho wa mabaharia wa meli Arizona waliokufa Pearl Harbor. Karibu na Krismasi alikuwa akivipelekea vyama vya kusaidia maskini wa Memphis hundi nyingi. Mwaka wa 1975 alinunua magari 14 ya Cadillac kwa siku moja ili kuwapa watu. Twajiuliza kama katika kutoa huko hakutafuta pia kupendwa, lakini moyo wa mtu Mungu ndiye aujuaye.

Neno la kustaajabisha ni hili: mwimbaji huyu aliyeitwa mfalme wa roki alipata mara tatu tuzo kubwa ya waimbaji wa Marekani iitwayo Grammy, na mara zote tatu ilikuwa kwa nyimbo za injili. Mbili kati ya hizo zilitokana na wimbo ulioanzia katika shairi la Carl Boberg, Msweden, la mwaka wa 1885, wimbo wa kustaajabia kazi za uumbaji, ambao sharika zetu huuimba kwa Kiswahili. Usiku, baada ya kazi, alikuwa akikaa kwenye piano akiimba nyimbo hizi hata alfajiri. Hatuoni sababu ya kudhani alikuwa akijifanya. Alizipenda kweli, na vidonge navyo hakuviacha.

Tarehe 21 Desemba 1970 alikwenda Ikulu ya Marekani bila kualikwa, akaomba kumwona Rais Nixon, ili apewe beji ya maofisa wanaopambana na dawa za kulevya. Akapewa. Yeye aliona dawa za kulevya kuwa ni zile zinazouzwa vichochoroni; zake ziliandikwa na daktari, basi akaziona kuwa dawa tu. Twaitaja habari hii kwa urefu kwa sababu tumesikia udhuru huo huo karibu nasi zaidi.

Baada ya kuachana na mkewe mwili wake ulidhoofika upesi. Alinenepa, akasahau maneno ya nyimbo jukwaani, akalazwa hospitali mara kwa mara, lakini safari za kuimba hazikukoma, kwa maana wengi walikula kwazo. Mwaka wa 1976 walinzi wake watatu walifukuzwa kazi. Tarehe 1 Agosti 1977 kitabu chao kikatoka, kikieleza habari za vidonge mbele ya ulimwengu wote. Tarehe 16 Agosti alikutwa amekufa katika chumba cha kuogea, naye alikuwa na umri wa miaka 42. Kwanza ilitangazwa kuwa ni ugonjwa wa moyo. Baadaye uchunguzi ulionyesha dawa za namna nyingi mwilini. Katika miezi minane ya mwaka huo daktari wake alikuwa ameandika dozi zaidi ya 10,000. Mahakama ilimwachilia daktari huyo mwaka wa 1981, lakini mwaka wa 1995 alinyang'anywa ruhusa ya kutibu watu.

Basi tukimrudia yule mzee na picha ya mwanawe, sisi hatusemi iteketezwe. Gitaa halikumwua Elvis, wala makelele ya wasichana hayakumwua. Mtoto na aulizwe kama anajua habari za chanjo, za jeshi na za kaburi la Gladys, tena za daktari na za vijana waliokula mezani bila kusema neno. Na yule mzee mwenyewe, alipoibandua picha bila kusema neno, twaona aliacha sehemu kubwa ya kazi yake.

Elvis alizikwa kwanza katika makaburi ya mji kando ya mama yake; tarehe 2 Oktoba 1977 majeneza yote mawili yakahamishiwa bustani ya Graceland. Hapo pamewekwa pia kibao chenye jina la pacha wake, Jesse. Baba yao, Vernon, alizikwa hapo mwaka wa 1979. Minnie Mae alibaki akikaa katika nyumba ile kubwa, akiwa amemzika mjukuu na mwana, hata naye alipokufa mwaka wa 1980.