Svante Arrhenius: Alipewa gredi ya chini, akatufumbulia siri ya joto

Mei 1884, katika Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi, kijana wa miaka 25 alisimama mbele ya maprofesa kutetea tasnifu yake ya uzamifu. Gredi aliyopewa ilikuwa ya chini sana, na ndoto ya kufundisha chuoni hapo ikaonekana imezimika. Miaka 19 baadaye, wazo lililoanzia kwenye tasnifu hiyohiyo lilimpa Tuzo ya Nobel.

Jamaa huyo ni Svante Arrhenius. Alizaliwa Februari 19, 1859, huko Vik karibu na Uppsala. Babake alikuwa mpima ardhi, na inasemekana Svante alijifunza kusoma akiwa na miaka mitatu tu. Masomo ya fizikia na kemia pale Uppsala hayakumridhisha, kwa hivyo 1881 akahamia Stockholm kufanya utafiti chini ya Erik Edlund. Alichunguza jinsi umeme unavyopita kwenye maji yenye chumvi. Wazo lake, alilolikamilisha 1887, ni kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji. Wakemia wengi wa wakati huo hawakulinunua.

Hakukaa kulia. Alituma nakala za tasnifu kwa wanasayansi wa nje. Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, aliisoma na kufunga safari hadi Uppsala mwaka huohuo kumwona. Ghafla mambo yakabadilika, na Arrhenius akapewa nafasi ya kufundisha. Baadaye alipata ufadhili wa kuzunguka Ulaya, akafanya kazi na Ostwald, Boltzmann na van 't Hoff.

Kisha ikaja 1889, na kitu cha kawaida kabisa: sukari ya miwa. Ukiiweka kwenye maji yenye asidi, huvunjika kuwa sukari mbili ndogo. Ukiongeza joto, huvunjika upesi zaidi. Hilo lilijulikana. Lakini kulikuwa na fumbo. Ukitoka nyuzi 20 hadi 30, nishati ya wastani ya molekuli huongezeka kwa karibu asilimia 3 tu, ilhali mimenyuko mingi huongeza kasi mara mbili au zaidi. Sasa hiyo kasi yote inatoka wapi?

Jibu lake: usiangalie wastani. Si kila molekuli iko tayari kumenyuka. Kuna kizingiti cha nishati, na ni chache tu zenye nguvu za kukiruka. Joto likipanda kidogo, idadi ya hizo chache hupanda kwa kishindo. Hesabu aliyoandika kueleza hilo ndiyo wanafunzi wanaiita mlinganyo wa Arrhenius.

Wazo hilo la kizingiti linaeleza mengine pia. Kichocheo, kama ile asidi kwenye sukari, hufungua njia yenye kizingiti kifupi, na chenyewe hakiishi. Kuongeza ukolezi au kusaga kitu kiwe unga hakugusi kizingiti. Kunaongeza tu nafasi za molekuli kugongana.

Mwaka 1896 alikokotoa jinsi hewa ya kaboni inavyoweza kupasha dunia joto, na 1903 akawa Mswidi wa kwanza kushinda Nobel. Lakini tusimfanye malaika. Alikuwa kwenye bodi ya chama cha Uswidi kilichoanzishwa 1909, kilichoeneza imani kwamba kuna watu wa uzao bora kuliko wengine. Mtu aliyewahi kudharauliwa na wakubwa akaunga mkono kudharau wengine. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake.

Alifariki Oktoba 2, 1927, mjini Stockholm. Hesabu yake bado iko kazini. Watengenezaji dawa huweka tembe kwenye joto kali kwa miezi michache, kisha hutumia mlinganyo wake kukadiria zitadumu muda gani kwenye joto la kawaida. Ukisoma tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya dawa, huenda kazi ya yule mwenye gredi mbovu imo humo.