Julius Nyerere: alianza masomo na miaka 12, akaleta Shakespeare kwa Kiswahili

Mwanafunzi wa sekondari wa Kashuga, kwenye barabara inayotoka Mweso kwenda Kalembe, anabeba luga nyingi kichwani. Nyumbani anasema Kihunde, Kinyarwanda ao luga ingine ya wazazi. Sokoni anasema Kiswahili. Mwalimu anamufundisha kwa Kifaransa. Kisha inafika saa ya Kingereza, na hapo ndipo wengi wanakwama. Gramere wanaijua kidogo, lakini maneno hayatoshi. Wengine vita iliwatoa kwao, wakaishi katika kambi za wahami, wakapoteza mwaka ao miaka ya masomo, na leo wanaona haya kukaa kwenye banki moja na watoto wadogo.

Tena, Kingereza kinaulizwa zaidi kuliko zamani. Mwaka 2022 Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kingereza ni luga ya kazi. Mashirika ya misaada mara nyingi yanauliza Kingereza kwa mtu anayetafuta kazi. Mfanyabiashara anayeshuka Kampala naye anakihitaji.

Kwa wanafunzi kama hao, kuna maisha ya mtu mmoja yanayofaa kuelezwa tena. Jina lake linajulikana sana mashariki mwa Congo, lakini watu wengi wanamujua kama raisi wa Tanzania tu. Njia aliyopitia kwa kupata luga, hiyo haielezwe sana.

Mtoto wa mbuzi na wa Kizanaki

Julius Nyerere alizaliwa tarehe 13 mwezi wa ine mwaka 1922, katika kijiji cha Butiama, mashariki mwa Ziwa Victoria. Walimuita Kambarage. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki na alikuwa na wake 22. Mama yake, Mgaya, alikuwa bibi wa tano. Kuwa mtoto wa mtemi hakukumaanisha kula raha. Kambarage alichunga mbuzi na kulima sawa vile watoto wengine, na luga aliyoisikia kila siku ilikuwa Kizanaki tu.

Alianza masomo mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Shule ilikuwa Mwisenge, karibu na Musoma, safari ya karibu kilometa 40 kutoka kwao, kwa hiyo ilibidi alale huko huko. Masomo yalitolewa kwa Kiswahili, na yeye alikuwa mtoto wa Kizanaki. Yaani alianza na kazi mbili kwa mara moja: kujifunza kusoma, na kujifunza luga ya kusomea.

Hakubaki nyuma. Kisha miezi sita tu walimu walimurusha klasi moja. Masomo ya miaka 4 akayamaliza katika miaka 3. Mwaka 1937 akachaguliwa kwenda shule ya serikali ya Tabora, ambayo wakati wa Waingereza ilikuwa shule kubwa kabisa ya vijana weusi katika Tanganyika.

Tabora: kitabu na kinywa

Huko Tabora Kingereza kilimungojea. Ilikuwa luga yake ya tatu, kisha Kizanaki na Kiswahili. Wenzake walimukumbuka kama kijana asiyependa sana michezo, lakini aliyetaka sana kuwa wa kwanza darasani.

Mambo mawili yalimusaidia. La kwanza ni maktaba ya shule. Nyerere aliingia kwenye vitabu vya Kingereza akavisoma kwa wingi, hata vile ambavyo hakuna mwalimu aliyemuagiza. Kitabu kimoja juu ya skauti kilimushika mpaka yeye na wenzake wakaanzisha kikundi cha skauti pale shuleni. Kwa hiyo hakusoma maneno kwa ajili ya pointi za mtihani peke yake. Alisoma jambo, kisha akalifanya, na maneno ya lile jambo yakabaki naye.

La pili ni chama cha debati, yaani mabishano ya hoja, ambamo alikuwa mmoja wa watu wenye bidii sana. Hapo mwanafunzi anasimama mbele ya wenzake na anatetea wazo kwa Kingereza. Neno alilolisoma jana linapaswa kutoka leo, kwa sauti, mbele ya watu wanaongoja akosee ili wacheke. Neno lililosomwa mara moja linapotea upesi. Neno lililotumiwa kwa kubishana na mwenzako, hilo halitoki.

Walimu walipendekeza afanywe kiongozi wa wanafunzi. Mkubwa wa shule, sawa vile prefe katika shule za Congo, akakataa. Aliona kwamba Nyerere alikuwa na huruma mingi mno kwa kazi hiyo.

Makerere: luga inaanza kuzaa

Mwaka 1943 Nyerere alibatizwa katika Kanisa Katoliki na kuchukua jina la Julius. Mwaka huo huo akaenda Makerere, kule Uganda, kujifunza ualimu. Hapo ikaonekana kwamba Kingereza chake hakikuwa tena cha kujibu maulizo ya mwalimu tu. Mwaka 1944 alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Alikuwa amesoma mawazo ya John Stuart Mill, mwandishi wa Uingereza, juu ya mateso ya wanawake. Akayachukua, akayapima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki aliowaona tangu utoto, wake wa baba yake wakiwa kati yao.

Angeweza kuandika juu ya wanawake wa London, ambao hakuwahi kuwaona, na angejaza ukurasa kwa maneno ya kuazima. Yeye alichukua maneno ya wageni akayafanya yaeleze nyumba ya kwao.

Alipomaliza, mwaka 1945, aliweza kuchagua shule ya serikali iliyolipa feza nyingi zaidi. Akachagua kufundisha St. Mary's, shule ya wamisionari, pale pale Tabora. Saa za kazi zikiisha, aliwafundisha Kingereza watu wazima wa mji, bila kuwalipisha. Kila mtu aliyefundisha luga anajua jambo hili: ukiulizwa na mzee maana ya neno, ndipo unatambua kama wewe mwenyewe ulilijua ao ulikuwa unalipitia tu.

Maneno yenye bei

Mwaka 1949 alisafiri kwenda Scotland kusoma katika chuo kikuu cha Edinburgh. Hata yeye, aliyekuwa tayari mwalimu, ilibidi kwanza afaulu mtihani wa kuingilia vyuo vya huko. Akafaulu. Akasoma, pamoja na mengine, maandishi ya Kingereza na uchumi, na mwaka 1952 akapata digrii, mmoja wa Watanganyika wa kwanza kuipata ng'ambo.

Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 mwezi wa saba mwaka 1954 chama cha TANU kikazaliwa, yeye akiwa mkubwa wake. Mwezi wa tatu 1955 alisimama New York, mbele ya baraza la Umoja wa Mataifa lililosimamia nchi kama Tanganyika. Mbele yake walikuwa watu waliozoea kupima kila neno. Alipaswa kuwaonyesha kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika na itatawaliwa na wao, bila kusema neno la kuwapa wakoloni sababu ya kumufunga. Zile debati za Tabora sasa zilikuwa kazi ya kweli.

Kurudi kwake kulimugarimu kazi. Ilibidi achague kati ya siasa na ualimu, akaacha ualimu. Kwa muda akakaa upande wa Musoma, akiwafundisha wamisionari wa Marekani Kizanaki na kuwatafsiria maandiko. Mtu aliyetoka kusema New York akarudi kutafuta neno la Kizanaki linalolingana na neno la Kingereza.

Mwaka 1958 alionja bei ya maneno kwa njia ingine. Kwa sababu ya makala aliyoandika katika gazeti la TANU juu ya wakubwa wawili wa serikali ya kikoloni, alishitakiwa kwa kuwachafulia jina. Korti ikamukuta na kosa, ikamupa kuchagua: kulipa ao kufungwa miezi sita. Akalipa.

Shakespeare anasema Kiswahili

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1961, na mwaka mmoja kisha, Nyerere akawa raisi. Mwaka 1963 kikatoka kitabu ambacho wengi hawakukingojea kutoka kwa mkubwa wa nchi: mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, umetafsiriwa kwa Kiswahili na raisi mwenyewe. Mwaka 1969 akautoa tena, umesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo kukatoka mchezo mwingine wa Shakespeare, aliouita Mabepari wa Venisi.

Hilo jina la pili lina somo. Kwa Kingereza kichwa cha mchezo kinataja mfanyabiashara tu. Nyerere angeweza kuandika hivyo na hakuna mtu angemulaumu. Akaweka mabepari, neno lililotumika katika Tanzania ya ujamaa kwa matajiri wanaonyonya wengine. Mtu akikubali, mtu akikataa, ile ni kazi ya mtu anayejua uzito wa neno katika luga mbili. Kamusi inakupa neno moja mbele ya lingine. Mutafsiri anauliza: watu wa kwetu watasikia nini?

Na hapo ndipo siri yake inaonekana. Kingereza cha Nyerere hakikukua juu ya kaburi la Kiswahili wala la Kizanaki. Kila luga ilikuwa inapima ingine.

Kilichomushinda

Kile alichokiweza yeye mwenyewe, hakikuwa rahisi kwa nchi nzima. Mwaka 1967 Tanzania iliamua watoto wote wa shule ya msingi wasome kwa Kiswahili. Sekondari ikabaki na Kingereza. Kwa watoto wadogo ilikuwa msaada mkubwa, kwani wengi hawakuanza tena kwa luga ya kigeni. Lakini mtoto aliyetoka msingi aliingia sekondari na maneno machache ya Kingereza, na siku ya kwanza akapewa kitabu cha biolojia ambacho hakuweza kukifungua.

Mwaka 1982 tume ya elimu ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari pia. Serikali ikakataa, na Nyerere alikuwa upande wa kubakisha Kingereza. Alieleza kwamba Kingereza kwa dunia ni sawa vile Kiswahili kwa Watanzania: luga ya kusikilizana. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima hali ya Kingereza mashuleni. Walichokikuta kilikuwa kibaya: wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kufuata masomo kwa luga hiyo.

Dawa iliyoletwa tangu 1987, kwa feza za Uingereza, ilifanana na maktaba ya Tabora: vitabu vyepesi vya kusoma, vimepangwa kwa ngazi, ili mwanafunzi asome vingi anavyovielewa kuliko kukwama kwenye kimoja asichokielewa. Hata hivyo, bishano juu ya luga ya sekondari halikuisha katika Tanzania. Nyerere alikuwa amekwisha kuacha uraisi mwaka 1985. Mtoto wa Tabora wa 1937 alikuwa na vitabu na saa za debati. Maelfu ya watoto waliokuja kisha yeye waliagizwa kusoma kwa Kingereza bila kupewa hivyo vyote viwili.

Kinachobaki kwa Kashuga

Nyerere alikufa London tarehe 14 mwezi wa kumi 1999, akiwa na miaka 77, na akazikwa Butiama, pale alipochungia mbuzi. Watu walizidi kumuita Mwalimu kuliko Raisi.

Shule ya kijiji isiyo na maktaba haiwezi kuwa Tabora. Lakini kitabu kimoja cha hadithi nyepesi kinaweza kuzunguka darasa lote, kila mwanafunzi siku mbili. Debati haiombi feza: inaomba wanafunzi wawili, ulizo moja na mwalimu mwenye kuvumilia makosa. Ukurasa mmoja wa Kingereza unaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha kurudishwa kwa Kingereza bila kuangalia, ili kuona neno gani limekimbia.

Mwanafunzi wa Congo ana hata jambo ambalo Nyerere hakukuwa nalo shuleni: Kifaransa. Maneno kama nation, question na animal yanaandikwa sawa katika luga zote mbili. Ila kuna mitego. Librairie ya Kifaransa inauzisha vitabu, lakini library ya Kingereza inaviazimisha. Lecture ya Kifaransa ni kusoma, lakini ya Kingereza ni fundisho la profesa. Maneno ya namna hiyo yanafaa kuwa na ukurasa wao katika kaye.

Na kwa kijana aliyepoteza miaka kwa sababu ya vita, anayeona haya kuanza tena na miaka 14 ao 15 pembeni ya watoto wadogo: Kambarage wa Butiama aliona darasa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 12, bila hata Kiswahili cha kusomea.