William Herschel, Mpiga Kinanda Aliyeona Sayari Mpya

Je, umepata kusimama nje ya nyumba yenu usiku usio na mbalamwezi, ukatazama nyota? Ukiwa Soweto, katika jiji la Mbeya, taa za sokoni na za barabarani hufifiza nyota nyingi. Lakini ukijikinga nyuma ya ukuta, ukayaacha macho yako yazoee giza, utaona nyota ambazo mwanzoni hukuziona. Watu wengi hudhani kwamba kuchunguza nyota ni kazi ya mabingwa peke yao. Sasa utasoma habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo mjini, mbele ya nyumba yake, baada ya kumaliza kazi yake ya mchana.

William Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738, katika mji wa Hanover, Ujerumani. Baba yake alikuwa mpiga zumari katika bendi ya jeshi, naye William aliingia bendi hiyo angali kijana. Mwaka 1757 alihamia Uingereza, na mwaka 1766 akapata kazi ya kupiga kinanda kanisani, katika mji wa Bath. Mchana alifundisha muziki. Usiku alisoma vitabu vya hisabati na vya nyota. Mwaka 1772 dada yake mdogo, Caroline, alikuja kukaa naye.

Herschel alitamani darubini kubwa, lakini bei yake ilimshinda. Basi akaamua kuiunda mwenyewe. Darubini ya aina hiyo ina kioo kilichobonyea kidogo kama sahani, nacho hukusanya mwanga hafifu wa nyota na kuuelekeza mahali pamoja. Kadiri kioo kinavyokuwa kipana, ndivyo kinavyokusanya mwanga mwingi zaidi. Siku hizo vioo hivyo vilitengenezwa kwa shaba na bati vilivyoyeyushwa pamoja, kisha vikasuguliwa mpaka ving'are. Usidhani kusugua huko kulikuwa kazi nyepesi. Safari moja Herschel alisugua kioo kwa muda wa saa 16 bila kuondoa mikono yake, huku Caroline akimtilia chakula kinywani.

Usiku mmoja mwishoni mwa mwaka 1779, Herschel aliitoa darubini yake barabarani, mbele ya nyumba, ili apime urefu wa milima ya Mwezini. Daktari mmoja, William Watson, alikuwa akipita. Akasimama, akaomba kuchungulia, naye Herschel akampisha. Watson alistaajabu sana kwa jinsi Mwezi ulivyoonekana. Tangu siku hiyo wakawa marafiki, na Watson ndiye aliyemjulisha kwa wanasayansi wa Uingereza.

Tarehe 13 Machi 1781, akiwa katika bustani ya nyumba yake, Herschel aliona kitu kisichofanana na nyota za jirani. Alipoongeza nguvu ya darubini, kitu kile kilizidi kuonekana kikubwa, lakini nyota hazikukua vivyo hivyo. Hakuharakisha kutoa hukumu. Aliandika mahali kilipokuwa, na baada ya siku nne akakitafuta tena. Kilikuwa kimehama! Herschel alifikiri kwamba ni nyota yenye mkia. Wataalamu wa nchi nyingine walipopiga hesabu za njia yake, waligundua kuwa ni sayari inayolizunguka Jua, mbali mara mbili kuliko Zohali. Sayari hiyo ndiyo Uranusi. Ajabu ni kwamba bingwa mmoja, John Flamsteed, alikwisha kuiona mwaka 1690, akaiandika katika orodha yake kuwa ni nyota ya kawaida.

Mwezi Agosti mwaka ule ule, Herschel alijaribu kuunda kioo kikubwa zaidi ndani ya nyumba. Tanuri likavuja, madini ya moto yakamwagika, na mawe ya sakafu yakaruka hadi darini. Yeye na mafundi walikimbia kuokoa maisha yao. Mwaka 1782 Mfalme alianza kumlipa paundi 200 kwa mwaka, naye akaacha kazi ya muziki. Caroline, aliyekuwa akiandika vipimo vyote, naye aligundua nyota zenye mkia nane.

Herschel aliwahi kukosea pia: aliamini kwamba Jua lina wakazi. Lakini mwaka 1800, kwa kutumia vipimajoto, alitambua kuwa mwanga wa Jua una miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Alifariki tarehe 25 Agosti 1822, akiwa na umri wa miaka 83. Uranusi hutumia miaka 84 kulizunguka Jua mara moja.

Nawe unaweza kufanya uchunguzi wa namna hiyo bila darubini. Mwombe mwalimu wako akuonyeshe sayari inayoonekana jioni, kama vile Zuhura au Mirihi. Nenda pamoja na mtu mzima mahali pasipo na taa, uchore sayari hiyo na nyota zilizo karibu nayo. Andika tarehe na saa. Baada ya wiki moja, saa ile ile, chora tena. Kisha iweke michoro yako miwili pamoja, utafute ni kipi kilichohama.