Adrien Atiman, mganga na katekista

Katika siku hizi za jubile tunawakumbuka kwa shukrani mapadri waliotuletea Injili. Ni haki kabisa. Lakini tusiwasahau walei waliofanya kazi pamoja nao. Mmoja wao ni Adrien Atiman wa Karema. Karema iko ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika inchi ya Tanzania, nayo ni kama ndugu ya Mpala yetu: mwaka wa 1885 vituo hivyo viwili, vilivyokuwa vya watu wa mfalme Leopold II, viliwekwa mikononi mwa Mapadri Weupe.

Atiman alizaliwa karibu na mwaka wa 1866, upande wa mto Niger, katika inchi inayoitwa leo Mali. Alipokuwa angali mtoto, Watuareg walimwiba, wakavuka naye jangwa la Sahara na kumuuza kama vile mtu anavyouza mbuzi. Kule Algeria Mapadri Weupe walimnunua, si kwa kumtumikisha, bali kwa kumpa uhuru. Walimlea, wakamsomesha, naye akapokea ubatizo.

Wakati ule Kardinali Lavigerie aliamini kwamba Afrika itaongoka kwa kazi ya Waafrika wenyewe. Alitaka kupata waganga wakristu, watakaoponya miili na kufundisha dini, watakaooa na kukaa kati ya watu kama wenyeji. Kwa hiyo, mwaka wa 1881, alianzisha nyumba katika kisiwa cha Malta, ili vijana wa Afrika wasome uganga katika universite ya kule. Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao.

Masomo yalipokwisha, mwaka wa 1888 alisafiri mpaka Zanzibar, na toka pwani akafuata msafara kwa miguu. Tufikiri kidogo juu ya safari ile. Katika njia zile watumwa walikuwa wakishuka wamefungwa minyororo, kupelekwa baharini. Yeye aliyeonja utumwa akazipanda kwa hiari yake, akiwaendea watu ambao hakuijua hata lugha yao. Alifika Karema mwaka wa 1889.

Hapo alioa Agnes Wansahira, binti wa kabila la Wabende, na mtoto wao Joseph akapata upadri. Siku kwa siku Atiman aliwatibu wagonjwa na kuwafundisha katekismu. Wadachi walitawala, wakaenda, Waingereza wakaja mahali pao, Atiman alibaki. Kwa elimu aliyokuwa nayo angeweza kutafuta cheo na mali katika miji mikubwa. Yeye alikaa kando ya ziwa mpaka kufa kwake, mwaka wa 1956, yaani miaka 67 katika kazi ile ile.

Labda mtu atasema kwamba alikuwa akilipa deni kwa wale waliomkomboa. Sisi hatuoni hivyo. Deni lina kiasi chake. Likiisha kulipwa, mdeni huaga na kwenda zake. Atiman hakuaga. Mapadri walikuwa wamempa uhuru, naye akauchukua uhuru huo akaurudisha kwa Mungu, mikononi mwa wagonjwa wa Karema. Mtumwa hawezi kujitoa, maana yeye si mali yake mwenyewe. Mtu huru peke yake anaweza kujitoa.

Ndugu wapenzi, sisi wakatekista tunajua namna bidii inavyopoa. Mwaka wa kwanza tunakwenda mbio. Mwaka wa kumi tunahesabu kilometa na kuuliza nani atalipa baiskeli. Hatusemi kwamba maswali hayo ni mabaya, kwani watoto wetu wanapaswa kula. Lakini kuna mgonjwa anayengoja mwisho wa kijiji, na kuna mkatekumeni asiye na mwalimu. Mungu atujalie moyo wa Atiman, ili parokia yetu, iliyopokea bure, itoe bure.