Ubongo wa Mzee Kenyatta na siri ya Ikulu ya Nakuru

Kama wewe ni msee wa Nax, Ikulu ya Nakuru unaijua kama mahali pa kupita bila kusimama. Lakini kuna miaka Kenya ilikuwa ikiendeshwa kutoka pale. Jomo Kenyatta aliipenda hiyo nyumba. Jioni alikuwa akitazama wacheza ngoma wakija kumtumbuiza, na ukitaka kumwona rais, ulifunga safari hadi Nakuru.

Maisha yake ya mwanzo ulifundishwa darasani, kwa hivyo nitapita mbio: Kamau wa Ngengi, mtoto wa misheni ya Thogoto, masomo London, kukamatwa Oktoba 1952, kesi ya Kapenguria, jela ya Lokitaung, kuachiliwa 1961, uhuru 1963. Shule huishia hapo. Kuhusu ubongo wake hukuambiwa kitu.

Wanahistoria wanaandika kwamba alipata kiharusi chepesi 1966, halafu kingine kibaya Mei 1968. Mwananchi wa kawaida alifichwa. Waliokuwa karibu naye walijua, na mwaka huo huo Katiba ikabadilishwa: rais akifa, makamu wake anashikilia kiti kwa siku 90. Makamu alikuwa Daniel arap Moi.

Sasa fikiria daktari wa 1968. Anaweza kumpima Mzee presha, amwambie ainue mkono, amuulize leo ni siku gani. Eksirei ya kichwa inaonyesha fuvu tu. Skani ya CT, mashine ya Godfrey Hounsfield, ilimpiga mgonjwa wa kwanza London tarehe 1 Oktoba 1971. MRI ya ubongo ilifika hospitalini Mzee akiwa ameshazikwa.

Na MRI ndiyo ingefaa hapa. Presha ikikaa miaka mingi huharibu mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, na damu inafika kwa shida. Kwenye picha unaona madoa meupe, vishimo vya viharusi vidogo ambavyo mwenyewe hakuvihisi, na vitone vya damu iliyovuja. Yote haya yanaweza kuonekana miaka kabla watu wa nyumbani hawajashtuka. Mara nyingi kinachoanza kulegea ni kasi ya kufikiri, kupanga na kuamua. Yaani kazi yote ya rais. (Madoa peke yake hayatoshi. Wazee wengi wanayo, na daktari bado lazima ampime mtu kwa maswali.)

Sisemi Mzee alikuwa nayo. Lakini kiharusi na presha ni ndugu wa damu, na wanahistoria wengine wanasema kufikia 1975 alikuwa hatawali tena kwa mkono wake.

Mwaka uliofuata wanasiasa, Kihika Kimani wa Nakuru akiwa mstari wa mbele, walianza mikutano ya kutaka Katiba ibadilishwe ili Moi asirithi. Oktoba 1976 Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akawaonya kwamba kuwaza kifo cha rais ni kosa la kunyongwa. Hebu ona: nchi nzima inapigania afya ya mtu mmoja, na hakuna anayeruhusiwa kutaja afya.

Leo tunajua hata dawa ina nafasi. Utafiti wa Marekani uitwao SPRINT MIND, uliotolewa 2019, ulifuata watu zaidi ya 9,000 wenye presha. Waliotibiwa ili namba ya juu ishuke chini ya 120 walipata dalili za mwanzo za akili kufifia kwa asilimia 19 pungufu kuliko waliolengwa chini ya 140, na kwenye MRI madoa yao yaliongezeka kwa kiasi kidogo kuliko ya wale wengine. MRI bado ni pesa ndefu. Kupimwa presha ni dakika chache, na buda yako huenda hajapimwa tangu mwaka juzi.

Mzee alifariki Ikulu ya Mombasa alfajiri ya 22 Agosti 1978. Moi alikuwa kwake Kabarak, hapo tu nje ya Nakuru. Simu ikampata, akaondoka kuelekea Nairobi, na zile siku 90 zikaanza kuhesabiwa. Mwaka uliofuata Hounsfield akapewa Nobeli pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg.