Shaaban Robert: Karani wa Tanga Aliyekivika Kiswahili Koja

Kusini mwa Jiji la Tanga, kandokando ya Bahari ya Hindi, kipo kijiji cha Machui. Hapo ndipo alipozikwa Shaaban Robert, mshairi na mwandishi aliyefariki dunia mwezi Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53, miezi sita tu baada ya Tanganyika kujipatia uhuru wake. Vibambani, alikozaliwa tarehe 1 Januari 1909, si mbali na hapo. Mtu aliyezaliwa na kuzikwa katika kipande kimoja cha pwani aliifikisha lugha ya pwani hiyo mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Wananchi wengi wanamfahamu kwa jina la mtaa na la shule jijini Dar es Salaam, au kwa vitabu walivyovisoma madarasani. Huelezwa zaidi kuwa mwalimu wa maadili, na sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, anayeishia hapo humpunguza. Shaaban Robert alikuwa pia mpenzi wa uzuri: uzuri wa ua, wa sauti, wa mwenendo, wa shamba lililotunzwa na wa neno lililopangwa mahali pake. Maisha yake yote yalikuwa jibu la swali ambalo vijana wa Tanga wanaoshika kamera, wanaobuni mitindo ya mavazi na wanaochora wanajiuliza hadi leo: mtu asiye na mali wala cheo anawezaje kuufanya uzuri kuwa kazi?

Ukoo wake ulikuwa na asili ya Kiyao, lakini yeye alijitambulisha kuwa Mswahili, kwa lugha na kwa malezi. Alikuwa bado mtoto nchi ilipotoka mikononi mwa Wajerumani na kuingia mikononi mwa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, akahitimu akiwa miongoni mwa wanafunzi wa mbele katika darasa lake. Shule zilikuwa chache, na Mwafrika aliyepata cheti wakati huo alikuwa na njia chache za kupita. Iliyokuwa wazi zaidi ilikuwa ukarani, na ndiyo aliyoishika.

Mwaka 1926 aliajiriwa katika Idara ya Forodha, akatumikia idara hiyo katika bandari za pwani kwa takriban miaka 18. Sehemu ya utumishi huo aliifanya Pangani, mji wa kale ulioko mahali mto unapoingia baharini, wenye minazi mingi na majumba ya mawe yaliyojengwa enzi za biashara ya majahazi. Kazi ya forodha ni ya hesabu na ya macho. Karani huangalia kilichomo ndani ya mzigo, hukiandika kwa jina lake sahihi, kisha hukadiria ushuru wake. Kosa dogo la jina au la tarakimu huonekana. Haikuwa kazi ya mshairi, lakini ilimzoeza kutazama kitu kwa makini kabla ya kukitaja, na tabia hiyo inaonekana katika nathari yake, ambamo mara nyingi jambo moja hugeuzwa pande zake zote kabla ya kuachwa.

Uandishi ulibaki kazi ya saa alizojibakizia baada ya ofisi. Mashairi yake ya mwanzo yaliwafikia wasomaji kupitia Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanzishwa mwaka 1923 na kusomwa sehemu nyingi za Tanganyika. Washairi wengi wa pwani waliomtangulia waliandika kwa hati za Kiarabu, na tungo zao zilisomwa zaidi na waliojua hati hizo. Shaaban Robert aliandika kwa hati za Kirumi, zilizokuwa zikifundishwa katika shule za serikali. Kwa hiyo shairi lenye vina na mizani ya jadi liliweza kusomwa na kijana wa bara ambaye hajapata kuiona bahari. Pamoja na mashairi na tenzi, alizikuza insha na hadithi za nathari, ambazo katika Kiswahili cha wakati huo zilikuwa bado changa.

Majina aliyovipa vitabu vyake yanaonyesha alivyouona uzuri. Kimoja alikiita Pambo la Lugha, kingine Koja la Lugha, kingine Almasi za Afrika. Haya ni majina ya vitu vinavyovaliwa. Pambo huvaliwa mwilini, almasi hutiwa katika pete au mkufu, na koja ni shada la maua linalovikwa shingoni. Mkazi wa pwani hahitaji kuelezwa koja la yasmini hutengenezwaje: maua madogo huchumwa, hupangwa na kutungwa katika uzi moja baada ya jingine, na uzi wenyewe hauonekani. Mshairi aliyekulia katika mazingira hayo aliiona kazi yake kwa namna hiyohiyo. Maneno yalikuwa ya watu wote. Kazi yake ilikuwa kuyachagua na kuyatunga hadi yafae kuvaliwa na lugha siku ya heshima yake.

Hakulitenga pambo na tabia. Katika tenzi alizowaandikia wanawe, mmoja kwa binti yake na mmoja kwa mwanawe wa kiume, alifuata desturi ya kale ya washairi wa pwani ya kumuusia mtoto kwa ushairi, wosia uliobeba adabu, bidii na utu. Kwake sura nzuri na vazi zuri vilikuwa neema, lakini visivyo na mwenendo mwema havikukamilika. Mkewe Amina alipofariki, alimwandikia shairi la maombolezo lililobeba jina lake. Linahesabiwa hadi leo miongoni mwa tungo za majonzi zinazopendwa zaidi katika Kiswahili, kwa sababu halina makelele. Upendo umeelezwa kwa utulivu wa mtu anayezungumza na aliye karibu naye.

Mwaka 1944 aliiacha forodha, akatumikia kwa miaka miwili idara iliyoshughulika na wanyama. Mwaka 1946 alirejea Tanga katika Ofisi ya Wilaya, na kuanzia mwaka 1952 hadi 1960 alikuwa katika Ofisi ya Upimaji wa Ardhi mjini humo. Tanga ya miaka hiyo ilikuwa mji wa mkonge. Mashamba makubwa yaliizunguka, reli ilileta shehena kutoka bara, na watu wa makabila mengi walikutana mjini, lugha yao ya pamoja ikiwa Kiswahili. Mwandishi aliyetaka kujua kama lugha hiyo ingeweza kuwa ya taifa hakuhitaji kwenda mbali. Aliisikia sokoni na kituoni kila siku.

Utumishi katika serikali ya kikoloni ulikuwa na mipaka yake. Mishahara na vyeo vilifuata rangi, na karani Mwafrika, hata awe hodari namna gani, alijua dari lake liko wapi. Shaaban Robert hakulijibu jambo hilo kwa matusi. Mwaka 1951 ilichapishwa hadithi yake Kusadikika, kuhusu nchi ya kubuni iliyo angani. Ndani yake kijana Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Katika utetezi wake anawaeleza watawala habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kuitafutia nchi yao manufaa, wakarudi na maarifa, na badala ya kushukuriwa wakafungwa. Wasomaji wengi waliutambua utawala uliokuwa ukisemwa bila kutajwa. Kwa hadithi hiyo, mtumishi wa ngazi ya chini alisema jambo ambalo asingeweza kulisema mezani pake ofisini, na alilisema kwa sanaa.

Mapenzi yake kwa mandhari na ardhi yanaonekana zaidi katika Utubora Mkulima. Mhusika wake mkuu anaiacha kazi yenye kipato kizuri na kwenda kuishi shambani, ambako anajenga maisha ya kulima, kutunza mazingira yake na kuwafaa jirani. Uzuri wa maumbile katika kitabu hicho si picha ya kutazamwa kwa mbali. Bustani inapendeza kwa kuwa mtu ameilima, na jirani wanakuwa wema kwa kuwa mtu ameanza kuwatendea wema. Ni fikra ileile ya koja, safari hii katika udongo.

Kazi nyingine inayostahili kukumbukwa na kila msanii kijana ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, na kabla ya kujulikana alipita akiuza vyungu. Kwa sauti yake alifika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimfuata kabla ya kifo chake cha mwaka 1950 na kuyaandika maisha yake kwa heshima ambayo watu wengi wa zama hizo waliwawekea masultani na mashehe. Kwa kumchagua mwanamke wa kijijini aliyeinuliwa na sanaa, alionyesha kuwa kipaji kilichofanyiwa kazi kinatosha kumpa mtu nafasi katika historia.

Njia ya kuvifikisha vitabu vyake kwa wasomaji haikuwa rahisi. Pambo la Lugha lilichapishwa Johannesburg, Afrika Kusini. Kusadikika ilichapishwa na kampuni ya Uingereza. Baadhi ya kazi za miaka yake ya mwisho, ikiwemo Almasi za Afrika ya mwaka 1960, zilitolewa Tanga kwenyewe. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo baadaye zilihaririwa na Profesa M. M. Mulokozi na kuchapishwa, zinamwonyesha mtu aliyegawanyika baina ya ofisi, familia na miswada. Alipofariki, miswada kadhaa ilikuwa haijachapishwa. Kufikirika, Utubora Mkulima, Siku ya Watenzi Wote na Koja la Lugha vyote viliwafikia wasomaji kati ya mwaka 1967 na 1969, mwenyewe akiwa kaburini. Sehemu kubwa ya sifa anayopewa leo hakuishi kuisikia.

Si kwamba hakutambuliwa kabisa. Akiwa hai alipata tuzo ya fasihi ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Uingereza, na alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini nishani haikumwondoa kwenye ukarani, wala haikumpa muda. Muda aliuchukua mwenyewe, usiku baada ya usiku, kwa zaidi ya miaka 30.

Leo kijana wa Tanga ana vitu ambavyo karani wa Pangani hakuwa navyo. Picha aliyoipiga machweo pwani ya Pangani, au katika misitu ya Usambara, huweza kuonekana nchi nzima kabla ya usiku kuingia. Vazi alilolibuni kwa kanga au kitenge humpatia mteja asiyemfahamu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yake, iwe kitabu, picha, mchoro au muziki, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ipo kwa ajili ya kuisajili. Mwenye kipaji anapaswa kuifahamu haki hiyo mapema, wakati kazi zake zikiwa bado mikononi mwake. Wasifu wa Shaaban Robert unaonyesha jinsi miaka inavyoweza kupita kati ya siku mtu anapoimaliza kazi na siku umma unapoipokea.

Jijini Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa yako kando ya Mtaa wa Shaaban Robert. Kila siku wanafunzi hupita mtaani hapo kwenda kuona nchi yao ilikotoka. Vitabu vyake vinaendelea kusomwa shuleni na vyuoni, na kila ifikapo Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, jina lake hutajwa katika nchi nyingi ambazo hakuzifikia. Machui nako si mbali kwa anayetoka Tanga mjini. Kijana anayetafuta mahali pa kuanzia kazi yake anaweza kufika huko asubuhi, akasimama kwenye kaburi la karani huyo, na akarudi mapema kuendelea na kazi.