Kiyoshi Shiga na Viini Vilivyozishinda Dawa

Watu mashuhuri majina yao hupewa barabara, skuli na meli. Kiyoshi Shiga jina lake limepewa kiini cha maradhi. Mtu aharaye damu kwa sababu ya kiini kiitwacho Shigella, awe Tokyo au awe Bujumbura, amelibeba tumboni jina la tabibu huyu wa Kijapani. Kwetu hatajwi sana, ilhali viini vyake vyatujua vizuri.

Alizaliwa mwaka 1871 katika mji wa Sendai, kaskazini-mashariki ya Japani. Babake alikuwa mtumishi wa ukoo uliotawala huko, lakini utawala wa mabwana wa kale ulikuwa umeanguka mwaka 1868, na riziki ya jamaa ile ikaanguka nao. Mtoto akalelewa kwa kina mamake, na jina la Shiga ni lao. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1896, akajiunga na taasisi ya maradhi ya kuambukiza iliyoongozwa na Shibasaburo Kitasato, bingwa aliyesomea Ujerumani kwa Robert Koch. Akakaa mbele ya bwana huyo kama akaavyo mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wake.

Hakukaa sana kabla ya mtihani kumjia. Mwaka 1897 Japani ilipigwa na tauni ya kuhara damu. Watu zaidi ya 91,000 waliugua, na zaidi ya mmoja katika kila watano alikufa. Wataalamu wengi walikuwa wamekitafuta kiini cha maradhi yale wasikipate, kwa kuwa tumbo la mwanadamu ni mji wenye wakazi chungu nzima, na kumtambua mhalifu katika umati ule si kazi nyepesi. Shiga, kijana wa miaka 26, aliwachunguza wagonjwa 36. Akachukua viini kutoka katika choo chao, akavichanganya na maji ya damu ya watu waliokwisha ugua wakapona. Aina moja tu ilishikamana mabonge mabonge, ishara kwamba damu ile ilikuwa imekwisha pigana nayo. Ndiye huyo! Nami naona werevu wake wote umo humo: hakukitafuta kiini peke yake, alimwuliza mgonjwa kwa njia ya damu yake.

Alijaribu pia kutengeneza chanjo kwa viini vilivyouawa, akajidunga mwenyewe kwanza. Pale alipojidunga pakavimba pakafanya jipu, hata likapasuliwa.

Mwaka 1901 alikwenda Ujerumani, akafanya kazi Frankfurt kwa Paul Ehrlich. Mwaka 1904 wawili hao walitangaza kwamba rangi moja nyekundu iliweza kuwaponya panya walioambukizwa viini vya jamii ya vile viletavyo malale. Ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa kutengenezwa maabarani kwa kusudi la kuua viini mwilini. Lakini sikilizeni. Shiga alirudi kwao mwaka 1905, na kufikia mwaka 1907, katika maabara ile ile, waliona viini vilivyozoeshwa dawa vikiacha kufa, na vizazi vyake navyo vikizaliwa na usugu ule ule. Yaani usugu una takriban umri mmoja na dawa zenyewe.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Mwaka 1914 alimfuata Kitasato alipojitenga na kuanzisha taasisi yake. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1931 akafanya kazi Korea, iliyokuwa chini ya Japani, na mwisho akawa mkuu wa chuo kikuu huko. Mwaka 1944 akapewa Nishani ya Utamaduni, na mwaka huo huo akafiwa na mkewe. Mabomu ya vita yakamwondolea nyumba yake ya Tokyo. Mzee akarudi pwani, karibu na Sendai alikozaliwa, akaishi maisha ya kimaskini. Mpiga picha Ken Domon alimkuta huko mwaka 1949, na katika picha ile miwani ya bwana mkubwa huyu imeungwaungwa.

Wakati yeye yuko ufukweni, kiini chake kilikuwa kikisoma. Baada ya vita Wajapani walitibu kuhara damu kwa dawa za salfa, na maradhi yakapungua. Lakini kufikia mwaka 1952 viini vingi vilivyochunguzwa vilikuwa haviuawi tena na salfa. Zikaletwa streptomisini, tetrasiklini na kloramfenikoli. Mwaka 1955 mwanamke mmoja aliyerudi kutoka Hong Kong akapatikana na Shigella iliyoshinda dawa nyingi kwa pamoja.

Shiga alifariki tarehe 25 Januari 1957. Katika miaka hiyo hiyo madaktari wa hospitali za Japani waliona ajabu nyingine: mgonjwa atibiwaye kwa dawa moja akitoa viini vilivyozishinda zote nne. Zaidi ya hayo, viini vya kawaida vya utumboni, E. koli, vilikuwa na usugu huo huo katika mgonjwa yule yule. Mwaka 1959 Ochiai na Akiba, kila mmoja na wenzake, wakaonyesha sababu. Viini hivi vikigusana hupeana usugu, hata vikiwa vya makabila mbalimbali. Kinachopitishwa ni kipete kidogo cha urithi, kiitwacho plazimidi, na kipete kimoja chaweza kubeba kinga ya dawa kadhaa.

Hapo kazi ya kufuatilia usugu ikabadilika. Haitoshi kukijua kiini kilichomlaza mtu kitandani. Yapasa kujua na jirani zake. Ndiyo maana leo, katika hospitali zenye uwezo, mgonjwa mahututi huchukuliwa uchafu kidogo wa njia ya haja kubwa kwa pamba hata kama haendeshi. Hutafutwa Klebsiela na E. koli zisizouawa na karbapenemu, dawa za akiba. Viini hivyo hukaa utumboni kimya, kisha hupenya kwa mrija wa mkojo au kidonda hadi kwenye damu, na mikono isiyooshwa huvihamishia kitanda cha pili.

Huku kwetu jina la Shiga lilisikika kwa msiba. Aina ile ile aliyoipata mwaka 1897 ililipuka Zaire mwaka 1979, ikaenea Rwanda, Burundi na Tanzania. Mwaka 1994 ikawafikia wakimbizi wa Rwanda huko Goma, nyuma ya kipindupindu, na dawa nyingi za kawaida zilizokuwa katika masanduku ya waganga hazikuifanya kitu.